Nafasi 1,596, Waombaji 135,027: Mwongozo wa Kusoma Kukataliwa Unapotafuta Ajira

Mwezi Machi 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, ilieleza kwamba nafasi zake 1,596 za kazi zilikuwa zimeombwa na watu 135,027. Waombaji 22,075 waliondolewa mapema kwa kutokidhi vigezo, na 112,952 waliobaki wakaitwa kufanya usaili wa kuandika katika mikoa mbalimbali mwishoni mwa mwezi huo. Ukigawanya, kila nafasi ilikuwa na waombaji takribani 85, na hata baada ya mchujo wa nyaraka walibaki 71 wanaokitazama kiti kimoja. Hata kama kila aliyeitwa angekuwa hodari kupita kiasi, bado watu zaidi ya 111,000 walikuwa lazima warudi nyumbani bila kazi hiyo, kwa kuwa viti vilihesabiwa kabla majibu ya mtihani hayajaandikwa.

Mtafuta ajira anajua hesabu hii kichwani, lakini orodha inapotoka na jina lake halimo, huisahau mara moja na kujihukumu kana kwamba walikuwa wawili tu, yeye na mwenzake. Mwongozo huu unaeleza namna ya kusoma kukataliwa: lipi limebeba habari ndani yake, lipi halina kitu, na ufanye nini na kila moja. Nimeuandika kwa kumfikiria zaidi anayeomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na anayepeleka maombi kwa waajiri binafsi wakati huohuo, kwa kuwa wengi wetu tumefanya yote mawili kwa pamoja.

Hatua ya kwanza: piga hesabu kabla ya kutuma

Watu wengi hutafuta idadi ya waombaji baada ya kukosa, ili wajifariji. Itafute mapema, ili ujue unachokitarajia. Uwiano haulingani hata kidogo kati ya tangazo na tangazo. Mwaka 2014, Idara ya Uhamiaji ilipotangaza nafasi 70, zaidi ya watu elfu kumi walijitokeza kufanya usaili kwenye Uwanja wa Taifa jijini Dar es Salaam. Hapo kila kiti kilikuwa na watu wasiopungua 140. Usaili wa walimu wa mwanzoni mwa 2025 ulikuwa na waombaji zaidi ya laki mbili, lakini nafasi zilikuwa 14,648, kwa hiyo kila nafasi iligombewa na watu wapatao 14. Aliyeiona ile laki mbili peke yake alikata tamaa zaidi ya yule aliyeiona elfu kumi ya Uhamiaji, ilhali mlango wake ulikuwa mpana mara kumi.

Ndani ya tangazo moja pia kada, yaani aina za kazi, hazilingani. Tangazo lenye nafasi mia linaweza kuwa na themanini za kada moja na mbili za kada yako, na hizo mbili ndizo zinazokuhusu. Soma mpaka mwisho, ukaandike idadi ya nafasi za kada yako pembeni.

Kisha fikiria maombi mengi kwa pamoja. Tuseme kila ombi unalotuma lina uwezekano wa moja kwa hamsini. Wengi hudhani kwamba ukituma hamsini, lazima moja lijibu. Sivyo. Watu 100 wakituma maombi hamsini kila mmoja kwa uwezekano huo, wapatao 64 watakuwa wamepata angalau nafasi moja, na 36 hawatakuwa wamepata hata moja. Wakifikisha maombi mia kila mmoja, wasiopata watabaki kama 13. Hao 36, na hata hao 13, hawakufanya kosa ambalo wenzao hawakulifanya. Ndivyo bahati inavyogawanyika pale ambapo nafasi ni chache.

Hesabu hii ina sharti moja, nalo ndilo linalosahauliwa: kila ombi liwe jaribio jipya kweli. Ikiwa barua yako ina dosari ileile katika maombi yote hamsini, hukujaribu mara hamsini. Ulijaribu mara moja, ukanakili. Ndiyo maana hatua mbili zinazofuata zinahusu kujua dosari iko wapi.

Hatua ya pili: weka daftari la maombi

Nunua kaunta buku, au tumia jedwali kwenye kompyuta kama unayo. Kila ombi lipewe mstari mmoja wenye tarehe, jina la mwajiri, kada, idadi ya nafasi zilizotangazwa, toleo la wasifu ulilotuma, mlango uliofikia, na tarehe ambayo utaufunga mstari huo iwapo hutasikia lolote. Safu ya mlango ndiyo yenye thamani kuliko zote, nitaieleza hapa chini.

Mimi nilianza daftari langu nikiwa nimechelewa, mwezi wa saba wa kusota mtaani, na ilinibidi kupekua barua pepe za zamani ili kujaza mistari ya nyuma. Nilipofika mwezi wa kumi na tisa nilikuwa na mistari 47, na mdomoni nilikuwa nimezoea kusema kwamba nimekataliwa mara 47. Jioni moja nilikaa nikaigawanya. Mistari 29 ilikuwa kimya kitupu. Mistari 11 ilikuwa ya orodha za usaili ambazo hazikuwa na jina langu. Mitano niliishia kwenye usaili wa kuandika. Miwili tu ndiyo iliyonifikisha mbele ya jopo. Kwa maneno mengine, katika miezi kumi na tisa, watu walioketi wakanitazama, wakanisikiliza kisha wakamchagua mwingine walikuwa majopo mawili. Jambo nililokuwa nikilibeba kifuani kama hukumu ya watu 47 lilikuwa uamuzi wa watu wasiozidi kumi. Sikupata kazi siku hiyo, lakini nililala.

Hatua ya tatu: jua umekwama mlango upi

Ombi la kazi hupita milango minne, na kukataliwa katika kila mlango kuna maana yake.

Mlango wa kwanza ni nyaraka. Hapa kukataliwa huuma kidogo na hufundisha sana, kwa hiyo ni ajabu kwamba ndipo watu wanapochunguza kidogo kuliko pengine. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hurudia masharti yaleyale mwaka hadi mwaka: barua ya maombi iwe imesainiwa na ielekezwe kwa aliyetajwa, vyeti viwe vyeti kamili, kwa maana hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti, aliyesoma nje ya nchi awe amehakikiwa vyeti vyake na Tume ya Vyuo Vikuu (TCU), baraza la elimu ya ufundi (NACTVET) au Baraza la Mitihani (NECTA), kulingana na ngazi, umri usizidi uliotajwa, ambao mara nyingi ni miaka 45. Kama majina kwenye cheti cha kuzaliwa na cheti cha shule yanatofautiana, utahitaji hati ya kiapo iliyosajiliwa. Ukikosa kuitwa, ingia kwenye akaunti yako ya portal usome sababu iliyoandikwa kabla hujaanza kumshuku mtu. Nimewahi kukaa na kijana aliyekuwa akilalamika kwa miezi mitano kwamba mfumo unambagua. Tulipofungua akaunti yake tukakuta barua aliyopakia haina sahihi. Alikuwa ameiandika kwenye kompyuta, akaipakia moja kwa moja bila kuichapa. Kazi ya kuichapa, kuisaini na kuipiga skani kwenye duka la stationeri ilichukua dakika kumi.

Mlango wa pili ni kimya, na huu ni wa waajiri binafsi zaidi. Kimya hakina habari. Huenda nafasi ilikwisha kupewa mtu wa ndani na tangazo likatolewa kutimiza taratibu tu. Huenda bajeti ilisitishwa. Huenda mhusika alisoma wasifu mia za mwanzo, akapata watano wanaofaa, akaacha kusoma wakati wako ukiwa wa 240. Ukiketi kutafsiri kimya utajiletea majibu ambayo hakuna aliyeyatoa. Andika neno “kimya” kwenye daftari na uendelee. Ushauri wangu hapa ni mmoja tu: kwa waajiri binafsi tuma ndani ya siku tatu za mwanzo za tangazo, wala usingoje siku ya mwisho.

Mlango wa tatu ni usaili wa kuandika. Matokeo yake kwa kawaida hutolewa pamoja na alama, na alama ni zawadi ambayo waajiri wengi hawatoi. Tafuta alama ya mtu wa mwisho aliyeendelea hatua iliyofuata katika kada yako, halafu toa yako. Aliyepata 48 pale ambapo wa mwisho kuendelea alipata 72 ana kazi ya kusoma: sheria na kanuni za utumishi wa umma, majukumu ya taasisi husika, na somo lake mwenyewe ambalo pengine hajaligusa tangu chuo. Aliyepata 70 katika usaili huohuo hana sababu ya kubadili chochote kikubwa. Alama ya kuvuka hupanda na kushuka kulingana na viti vilivyopo, na 70 hiyohiyo ingemvusha penye viti vingi zaidi. Watu hawa wawili wote husomewa neno moja, kwamba hawakuchaguliwa, na wote hurudi na huzuni moja, ingawa mmoja anatakiwa kubadili namna anavyojiandaa na mwingine anatakiwa kurudia vilevile.

Mlango wa nne ni mahojiano. Kukataliwa hapa ndiko kunakouma kweli, kwa sababu ulionekana. Usijilazimishe kulichukulia kijuujuu. Lakini kumbuka pia kwamba aliyefika mlango huu amekwisha kupita mitatu, na tatizo lake haliko kwenye barua wala vyeti. Mtu anayerudi kutoka mahojiano akaanza kufumua wasifu wake wote anatibu goti kwa jeraha la kiwiko.

Jioni ya siku ya mahojiano, kabla hujajua matokeo, andika kila swali unalolikumbuka, jibu ulilotoa, na jibu ambalo ungelitoa ukipewa nafasi tena. Ukisubiri matokeo, kumbukumbu itakuwa imeshapakwa rangi na furaha au uchungu. Katika mahojiano yangu ya kwanza niliambiwa nijieleze kwa ufupi. Nilianza na shule ya msingi. Nilipofika kidato cha sita, mwenyekiti wa jopo alivua miwani, akaiweka juu ya karatasi, akaanza kutazama dirishani, nami nikaendelea mpaka mafunzo kwa vitendo ya mwaka wa tatu. Daftari langu la jioni ile lina sentensi moja iliyopigiwa mistari miwili: “Dakika sita!” Ni habari niliyoilipia kwa nauli na nafasi ya kazi, na kama nisingeiandika ningekumbuka tu kwamba jopo lilikuwa na kiburi.

Katika utumishi wa umma kuna jambo jingine la kulijua kuhusu mlango huu. Waliofaulu mahojiano lakini viti vikaisha kabla ya zamu yao huhifadhiwa kwenye kanzidata, na nafasi ya kada hiyo ikitokea baadaye wanaweza kupangiwa kituo cha kazi bila kusailiwa upya. Kwa hiyo usibadilishe namba ya simu ovyo, usiache laini ifungwe, na uendelee kupitia matangazo ya kuitwa kazini.

Hatua ya nne: funga mistari

Kila mstari wa daftari uwe na tarehe ya kufa. Kwa mwajiri binafsi, wiki sita baada ya siku ya mwisho ya kupokea maombi zinatosha. Kwa ajira za umma, ambazo mchakato wake ni mrefu, subiri mpaka orodha itoke. Ikifika tarehe, andika “imefungwa”. Wakikupigia baadaye utafurahi, lakini hutakuwa umeishi miezi hiyo ukiitarajia simu. Panga pia siku mbili za juma za kuingia kwenye portal na tovuti za ajira. Anayeingia mara kumi kwa siku haharakishi chochote isipokuwa kuisha kwa bando.

Hatua ya tano: siku orodha inapotoka

Unaijua hali yenyewe. Ni saa nne usiku, mtu ametupia faili la kurasa 140 kwenye kundi la WhatsApp, simu ina ufa kwenye kioo, majina yamepangwa kwa namba za usaili, nawe unapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa huku wengine wakishaanza kuandika “Mungu ni mwema”. Nakushauri usilifungue hapo. Subiri asubuhi, pakua orodha kutoka tovuti rasmi ya taasisi, maana zinazozunguka mitandaoni wakati mwingine ni za mwaka uliopita au zimechezewa, kisha itafute namba yako mara moja, na kama haimo, mara ya pili kwa utulivu.

Ukikosa, jipe saa arobaini na nane ambazo ndani yake huamui jambo lolote. Usiache kibarua ulichonacho, usiandikie taasisi barua ya hasira, usifute wasifu wako, na zaidi ya yote usimlipe mtu yeyote. Nalisema la mwisho kwa mkazo kwa sababu matapeli wanajua kalenda ya orodha kuliko sisi: simu ya “nipo ndani, nafasi moja imebaki, tuma laki tatu” huja siku ileile. Kutuma maombi kupitia Ajira Portal hakulipiwi, na anayedai fedha ili akupe kazi ya umma anapaswa kuripotiwa TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, kwa namba 113, ambayo ni ya bure.

Hatua ya sita: ndugu, na suala la kujuana

Shangazi atakuuliza msibani, mbele ya watu, “Mwanangu, hao watu wa serikali bado hawajakuita?” Hana ubaya. Ila ukimweleza kila ombi, utalazimika kumweleza na kila kukosa, na utakataliwa mara mbili kwa kila nafasi moja. Chagua mtu mmoja nyumbani anayejua daftari lako, na wengine wote uwape jibu moja lenye heshima: “Bado, Shangazi. Wakiniita wewe utakuwa wa kwanza kujua. Niombee.” Kisha muulize habari za mifugo.

Kuhusu kujuana, sitasema hakupo. Lakini hakupimiki ukiwa nje, na imani yoyote ya kupita kiasi juu yake itakugharimu. Anayeamini kila kiti hutolewa kwa mjomba huacha kusaini barua zake vizuri, maana ya nini? Anayeamini hakuna upendeleo popote hujilaumu kwa mambo yasiyo yake. Mimi huchora mstari hapa: kuwaambia watu uliosoma nao na uliofanya nao kazi kwamba unatafuta, wakuletee habari za tangazo, ni jambo la kawaida na ulifanye bila haya, kununua nafasi ni jinai.

Hatua ya saba: bajeti ya kujaribu

Treni ya SGR, yaani reli ya kisasa, ilipoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024, nauli ya daraja la kawaida iliwekwa kuwa shilingi 31,000. Zidisha mara mbili kwa kwenda na kurudi, ongeza malazi ya usiku mmoja, chakula na kuchapa nyaraka, utaona kwamba usaili mmoja wa mbali unaweza kumeza mapato ya kibarua ya wiki nzima au zaidi. Weka akiba ya nauli ya usaili mmoja na usiiguse kwa jambo jingine. Aliyekosa usaili kwa kukosa nauli hujiandika kwenye orodha ya waliokataliwa, wakati hakuna aliyemkataa.

Kibarua unachokifanya ukisubiri, iwe ni kujitolea kufundisha, kuuza dukani au kuandika hesabu za vikoba, kiingize kwenye wasifu kwa tarehe na majukumu. Miezi kumi na tisa iliyo tupu kwenye karatasi huulizwa, iliyojazwa husomwa.

Hatua ya nane: lini ubadilishe njia

Kila ukifikisha mistari ishirini mipya, kaa chini uitazame safu ya milango. Kama karibu yote imekwama kwenye nyaraka, tatizo ni karatasi, lirekebishe kabla hujatuma ombi la 21. Kama yote ni kimya, badili unapotafuta: kada ya karibu na yako, mkoa mwingine, taasisi ndogo zisizogombewa. Kama unafika mahojiano mara kwa mara na kuishia hapo, tafuta mtu mzima wa fani yako akusaili kwa saa moja bila kukuonea huruma. Na kama umesambaa, machache hapa na machache pale, hakuna cha kurekebisha isipokuwa kuongeza mistari.

Mstari wangu wa 48 ulikuwa wa kada ya chini kidogo ya ile niliyoisomea, katika wilaya ambayo sikuwahi kuifikia, nafasi sita. Walioitwa kwenye mahojiano tulikuwa 31. Swali la kwanza lilikuwa lilelile: jieleze kwa ufupi. Nilitumia dakika moja na nusu.